Mfupa Uliohama Ndani ya Hogo

Kama unasoma haya ukiwa kwenye benchi la hospitali, mkono umeuning'iniza kwenye kitenge kilichopitishwa shingoni, na mtu aliyekaa pembeni yako anakwambia mkono ni kitu kidogo, bora hukuvunjika mguu, usimjibu. Sogea tu ukae kwingine. Mimi niliwajibu watu wa namna hiyo kwa miezi mingi na sikupata faida yoyote zaidi ya kukauka koo.

Naitwa Adelina. Nimeolewa kijiji kimoja cha Muleba, kwenye kibanja cha migomba na kahawa ambacho ni cha ukoo wa mume wangu, Deo. Cha kwangu mle ndani ni vanila. Deo alinipa kona ya bondeni ambayo wazee walikuwa hawaitaki, nikaotesha miti ya kuegemea, nikapandisha marando, na baada ya miaka mitatu watu waliokuwa wananicheka wakaanza kuja kuniomba mbegu.

Ua la vanila linafunguka asubuhi moja tu. Likifika adhuhuri limesinyaa, na kesho yake liko chini. Huku kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha, ni mkono wa mtu. Unachana mdomo wa ua kwa kijiti chembamba, unainua kiutando kinachotenga dume na jike, unabana kidogo kwa dole gumba, umemaliza, unahamia lingine. Kazi yote iko kwenye kifundo cha mkono, kile kinachokunja na kugeuza. Mimi nilikuwa naitwa hadi vijiji vya jirani kuwafundisha kina mama. Kwa hiyo siku nilipokivunja hicho kifundo sikuhitaji kuelezwa nimevunja nini.

Ilikuwa kiangazi, kahawa zinaanikwa. Nilipanda kwenye kigoda nishushe marando yaliyokimbilia juu ya mti, kigoda kikazama mguu mmoja kwenye udongo laini, nikaja chini na kiganja cha kulia kikatangulia. Nilisikia sauti yake kabla ya maumivu. Nilipoutazama mkono ulikuwa umetuna mahali pasipopaswa kutuna na umebonyea mahali pengine, nikageuza uso nikatapika kwenye majani ya migomba.

Hospitali walinipiga picha, wakaniambia mfupa umepasuka mpaka ndani ya kiungo, vipande zaidi ya viwili. Wakanidunga sindano, wakauvuta, wakaufunga plasta ngumu, ile tunayoiita hogo, kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko. Wakapiga picha nyingine. Mhudumu aliyenifunga alikuwa mtu wa maneno machache.

"Mfupa umekaa vizuri," aliniambia. "Sasa kazi ni yako, mama. Mkono huu usiuegemee, usinyanyulie kitu, usijiinulie. Urudi baada ya wiki mbili tuupige picha tena."

Deo alikuwepo. Alisikia. Nalisema hili mapema ili lijulikane.

Nyumbani kitu cha kwanza kilichobadilika ni kula. Kwetu mkono wa kushoto una kazi zake na hauingii kwenye sahani, nami ndio niliobaki nao. Mama mkwe, ambaye anakaa nyumba ya mbele kwenye kibanja hichohicho, alikuja jioni ya kwanza kunipa pole, akanikuta namega ndizi kwa kushoto. Alisogeza chakula chake mbali na changu, taratibu, kama mtu anayeondoa kitu kisimwagikiwe. Kuanzia siku ile nilikula jikoni peke yangu, nimegeukia ukuta.

Halafu wakaja wa kunipa pole. Ni desturi nzuri na siitukani. Mgonjwa wa kwetu hakai peke yake, na waliokuja na maziwa na ndizi mbivu Mungu awabariki. Ila mwanamke wa Kihaya akitembelewa na mkubwa anapiga magoti kusalimia. Anashuka chini, anatoa mikono yote miwili, anabaki pale salamu ikiulizwa na kujibiwa na kuulizwa tena, kisha ndipo anainuka. Nimefanya hivyo tangu sijaota meno ya pili na sikuwahi kuona aibu. Lakini jaribu kuinuka kutoka sakafuni ukiwa na mkono wenye hogo zito, na wa pili umeshika kikombe cha mgeni. Mwili hauna akili ya peke yake. Unaegemea palepale ulipozoea kuegemea.

Siku ya nne nilimwambia Deo aseme na mama yake. Akasema naye, mimi nikiwa mlangoni. Alisema kwa sauti ya chini sana kwamba labda kwa sasa nisalimie nikiwa nimekaa.

Mama mkwe alikuwa anachagua maharage. "Kwani amevunjika wapi?" akauliza.

"Mkono, Mama."

"Basi. Magoti ni mazima."

Deo akatazama yale maharage. Hakusema tena, siku ile wala nyingine.

Kama ingekuwa wageni wa kupita tu pengine mfupa ungevumilia. Lakini ndipo alipokuja Baba Mdogo kutoka Izimbya, ndugu wa marehemu baba mkwe, kutatua mambo ya mpaka wa kibanja na majirani. Alikaa kwetu mpaka mambo yakaisha, na mambo ya mpaka hayaishi haraka. Kila asubuhi nilimsalimia kwa magoti. Nilimpelekea maji ya kunawa kwa magoti. Chakula kwa magoti, na sahani kuzitoa kwa magoti. Yeye mwenyewe alikuwa mzee mpole. Nadhani ningemwambia angenisamehe, ila mke wa mwana hamwambii Baba Mdogo jambo kama hilo, anasemewa. Nikawa nangoja kusemewa.

Uvimbe ulipopungua hogo likawa linacheza. Niliweza kuingiza kidole kati ya plasta na ngozi. Usiku kifundo kiliwaka moto, asubuhi vidole vilikuwa vimejaa na vinang'aa. Wiki mbili zilifika, na siku ya picha ikaangukia siku ambayo wazee wa pande zote mbili walikuwa wanakuja kukagua mpaka. Mama mkwe akauliza nani atawapikia. Nikapika kwa mkono mmoja, picha ikapita. Wiki iliyofuata ikapita pia.

Aliyenitoa pale ni dada yangu Yustina, anayekaa Nshambya mjini Bukoba. Alikuja kunisalimia, akanikuta nainuka mbele ya Baba Mdogo, hogo langu limekanyaga sakafu na uso wangu umekunjamana. Yustina ana mdomo. Pale hakuutumia, alimsalimia mzee kwa heshima zote, akanywa chai yake, kisha akaingia chumbani kwangu akaanza kukunja nguo zangu kwenye mfuko.

"Twende," alisema. "Ukibaki hapa watakuzika na adabu zako."

Bukoba tulikaa benchi tangu asubuhi. Kwenye mabenchi yale unajifunza watu. Kuna wanaokusimulia shangazi yao aliyevunjika hivyohivyo mkono ukakauka kama tawi. Kuna wanaokuuliza ulikuwa unatafuta nini juu ya kigoda umri huo. Nina miaka arobaini na mbili. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa na mjukuu wake hakuniuliza kitu, alinikunjulia kanga yake akaitia chini ya hogo nipumzishe bega. Kanga ile ndiyo ninayoikumbuka zaidi kuliko uso wa daktari wa siku ile.

Hogo lilipokatwa ilitoka harufu ambayo ilinifanya niombe radhi. Mkono wenyewe sikuutambua. Ulikuwa mwembamba, ngozi inabanduka magamba, vinywele vyeusi vimeota ambavyo sikuwahi kuwa navyo. Na kifundo kilikuwa kimepinda upya. Picha mpya ikawekwa karibu na ile ya zamani. Mimi si daktari lakini nina macho. Daktari akasema mfupa umeanza kuunga vibaya, na kwa kuwa umepasukia ndani ya kiungo, ukiachwa hivyo mkono hautakunja tena, utakuwa wa kubebea tu. Akasema Mwanza kuna wanaofanya upasuaji wa kamera kwenye viungo. Akaniandikia niende.

Nililia kwenye korido. Yustina aliniacha nilie, kisha akaninunulia chapati, akaimega na kunilisha mbele za watu kama mtoto, nami nikala.

Mwanza nilikwenda na Deo. Safari nzima ya basi alishika begi mapajani na kutazama nje. Wodini nilisubiri zamu yangu siku kadhaa, kwa sababu waliogongwa na pikipiki walikuwa wanatangulizwa, na ni haki yao. Wodi ya mifupa haina siri. Mtu anakojoa ukisikia, analia ukisikia, asubuhi mnaulizana mmelalaje.

Siku yenyewe hawakunilaza usingizi. Walinichoma sindano karibu na shingo, mkono mzima ukafa ganzi ukawa kama wa mtu mwingine. Wakavivisha vidole vyangu vitu kama mirija ya kusukwa na kuuning'iniza mkono juu, kiganja kikitazama ukuta. Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kuliko mimi, sauti yake ya upole lakini haibembelezi. Alinieleza kwamba anatoboa vitundu vidogo mgongoni mwa kifundo, anapitisha kamera nyembamba kama kalamu, ndani wanamimina maji ili waone vizuri. Akaniuliza kama nataka kutazama kwenye runinga au wanikinge kwa shuka.

Nikasema nataka kutazama. Ni mkono wangu.

Niliona mahali peupe, pamelowa, panang'aa kama yai lililomenywa. Nilishangaa kwamba ndani yangu kuna kitu kisafi namna ile. Kisha kamera ikasogea, na ule weupe ukakatika. Upande mmoja ulikuwa juu, mwingine umezama, kama ngazi ya mlangoni, na katikati pamejaa uchafu mwekundu wa mfupa uliokuwa unajiungia pasipo pake.

"Hiyo ngazi," nilimuuliza, "ilikuwepo tangu nilipoanguka?"

Alikuwa anafanya kazi. "Picha yako ya kwanza baada ya kufungwa haina hiyo," alisema. "Mfupa ulikaa vizuri. Ulihamia ndani ya hogo. Ulikuwa unauegemea?"

"Nilikuwa nasalimia."

Nadhani alidhani dawa imenipanda kichwani. Muuguzi aliyekuwa upande wa kichwa changu, kwa lafudhi yake mtu wa kwetu, alielewa. Aliinama akanifuta machozi kwa shashi, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa juu na mwingine umefungiwa dripu. Nilitazama mpaka mwisho. Niliona wakivunja walichokikuta kimeungana, wakikiinua kidogo kidogo huku kamera inachungulia, mpaka weupe ukawa sawasawa tena. Kisha wakapasua upande wa kiganja wakaweka chuma na skrubu za kukishikilia. Mtu anaponiambia yale yalikuwa makosa ya bahati mbaya, namwambia mimi niliyaona kwenye runinga.

Baada ya Mwanza sikurudi Muleba. Nilikaa Nshambya kwa Yustina ili nifike kliniki ya mazoezi. Usidhani ukishapasuliwa umemaliza. Hapo ndipo kazi inapoanza, na haina mtu wa kukuhurumia kwa sababu hogo halipo. Natumbukiza mkono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nakunja, haukunji. Nageuza kiganja kitazame juu kama mtu anayepokea chenji, kinakataa njiani. Mtaalamu wa viungo alikuwa kijana mcheshi anayeniita Mama Mkubwa huku akinivuta mpaka naona nyota. Nilimchukia kwa moyo wote na sikukosa hata siku moja.

Mvua zilipoanza nikajua vanila imefungua. Nilimwomba Yustina tupande gari asubuhi na mapema tukaone. Bondeni maua yalikuwa yamejaa, ya kijani iliyofifia, yamefunguka kila mti, na mengine ya jana yametapakaa chini. Nilichukua kijiti kwa mkono wa kulia, hakikukaa vidoleni. Nikajaribu kushoto, nikachana ua lote. Deo alikuja akasema atasaidia. Vidole vya Deo ni vya kushika panga. Alibana ua la kwanza likapondeka, la pili likapondeka, la tatu akalitazama akaacha.

"Si kazi yangu hii," alisema.

"Najua," nikamwambia. "Ilikuwa yangu."

Msimu ule wote ulidondoka chini. Sikubaki kuutazama.

Senene zilipoanza kuanguka, Yustina alimwaga ndoo nzima sebuleni tukakaa kuzinyonyoa mabawa na miguu. Nilikuwa nanyonyoa kwa kushoto, polepole, watoto wake wananiacha mbali. Sijui ilikuwaje, nikatazama nikakuta nimenyonyoa moja kwa kulia. Dole gumba na cha pili vilikuwa vimekutana vyenyewe na kubana. Sikumwambia mtu. Nilinyonyoa ya pili, ya tatu, mpaka kifundo kikauma. Usiku ule nilikula senene kwa mkono wa kulia, na kama kuna chakula kitamu zaidi ya hicho sijakionja.

Baada ya Noeli nilirudi nyumbani. Baba Mdogo alikuwa amekwishaondoka siku nyingi, mpaka umepatikana, wa nani sikuuliza. Mama mkwe alikuwa kwa binti yake Bukoba akiuguza mtoto, kwa hiyo kwa muda nyumba ilikuwa na amani. Deo alinichotea maji. Alinifulia, nyuma ya nyumba wasimwone. Nasema hivyo kwa haki yake.

Kliniki ya mwisho ya Mwanza ilikuwa karibu na masika, tukaenda wote wawili. Daktari alikunja kifundo changu mbele na nyuma, akakigeuza, akapima. Hakikurudi chote, na aliniambia wazi kwamba hakitarudi chote. Kisha akaniambia niweke kiganja mezani niegemee kwa uzito wangu. Niliogopa mpaka jasho likanitoka. Nikaegemea. Kikauma kidogo, kikakaa.

"Kimeshika," daktari akasema.

Hapo ndipo Deo alipofungua mdomo. "Kwa hiyo, daktari, sasa anaweza kupiga magoti?"

Hakuuliza kama nitachavusha. Hakuuliza kama nitalala bila maumivu. Daktari alimtazama, akanitazama mimi, na nikaona amekumbuka kile nilichomwambia nikiwa mezani kwake.

"Mkono unaweza," alisema. "Mengine muulize mwenye mkono."

Deo hakuniuliza. Tulitoka, tukapanda basi, tukafika Muleba, akashusha begi, na mpaka tunafika nyumbani hakuwa ameniuliza.

Mama mkwe alirudi wiki ambayo vanila ilifungua tena. Alikuja asubuhi, nikiwa njiani kwenda bondeni na kijiti changu kwenye nywele. Deo alimwona kabla yangu, akachukua panga akaingia kwenye migomba. Mimi nilisimama uani. Nikatoa mikono yote miwili, nikainama kidogo.

"Karibu, Mama. Habari za Bukoba, waitu?"

Hakuipokea salamu, wala ile waitu ya heshima. Alingoja nishuke chini. Mikono ikabaki hewani mpaka kifundo kikaanza kuuma, ndipo akaushika wa kulia, si kwa salamu, akaugeuza huku na huku autazame. Ule mchano wa upande wa kiganja umefifia, na vile vitundu vya kamera mgongoni ni kama chunjua ndogo, usipoonyeshwa huvioni.

"Kumbe kovu lenyewe ni hili," akasema. "Hili dogo ndilo linalokuzuia kupiga magoti?"

Alikuwa amenipa njia. Ningesema ndiyo, Mama, madaktari wamenikataza, naye angeguna na mambo yangekwisha pale, na Deo kule kwenye migomba angepumua. Nilikaribia kusema hivyo. Nilikuwa nimechoka.

"Hapana, Mama," nikasema. "Mkono unaweza. Nimepimwa, unaweza, na magoti pia ni mazima. Ni mimi ndiye sitaki."

Aliuachia mkono wangu. Alisimama kidogo kama anayengoja mtu mwingine aseme kitu, na kwenye migomba hapakutoka sauti, hata ya panga. Kisha akageuka akarudi nyumbani kwake. Hajaingia kwangu tena tangu siku ile, na Deo anakula huko siku nyingi kuliko anazokula hapa.

Jua lilikuwa limeshapanda. Nilishuka bondeni nikaanza na mti wa kwanza, nachana, nainua, nabana. Zamani ningeimaliza kona yote kabla ya saa tano. Siku ile nilifika katikati, na mbele yangu maua yalikuwa yameanza kujifunga.